Vigae vya meko ya enzi ya Victoria: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Vigae kumi, vitano kila upande wa moto, ndivyo vinavyoamua sura ya sebule katika nyumba ya enzi ya Victoria. Rangi ya kuta, zulia na mapazia huja baadaye, na vyote hubadilika kwa kazi ya siku mbili. Vigae vya meko ukivikosea utaishi navyo miaka, kwa sababu vimeshikwa nyuma ya chuma kizito kilichojengewa ukutani. Kuvitoa ni kubomoa.

Tunazungumzia zile nyumba za matofali zilizopangana safu moja katika miji ya Uingereza, zilizojengwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Waswahili wengi walioko kule wanaishi ndani yake, wengine kwa kununua, wengine kwa kupanga. Radieta zilipoingia majumbani, hasa miaka ya 1960 na 1970, meko nyingi zilizibwa kwa ubao na nyingine ziling'olewa zikauzwa kama vyuma chakavu. Anayerudisha meko leo anajikuta mbele ya soko lenye kila kitu, kuanzia kigae kilichotoka tanurini miaka 140 iliyopita hadi stika ya plastiki, na wauzaji wote wanatumia neno lile lile: "Victorian".

Tukubaliane kwanza kuhusu majina ya sehemu. Kiunzi ni kile kipande kikubwa cha chuma cha kusubu chenye mdomo wa moto katikati na mbavu mbili zilizoinama kuelekea chumbani. Vigae hukaa kwenye mbavu hizo. Fremu ya nje ni ya mbao, marumaru au jiwe la sleti, nayo ndiyo inayobeba rafu ya juu. Sakafu ya meko ni ile sehemu ya vigae iliyo chini, mbele ya moto. Dohani ni njia ya moshi kwenda juu ya paa.

Si kila meko ya enzi ya Victoria ilikuwa na vigae. Malkia Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, na viunzi vya katikati ya karne, vile vyenye mdomo wa tao, vilikuwa chuma kitupu. Viunzi vyenye mbavu za vigae vilienea kuanzia miaka ya 1870. Kama chako ni cha tao na hakina nafasi ya vigae, usikikate wala usikibandike kitu. Peleka pesa zako kwenye vigae vya sakafu ya meko.

Moto au pambo?

Jibu swali hili kabla hujafungua pochi, maana jibu lake linabadilisha orodha nzima.

Ikiwa moto utawashwa, mwite msafisha dohani kwanza, kisha fundi aliyesajiliwa na HETAS, shirika la Uingereza linalosajili mafundi wa meko za kuni na makaa, akague dohani kwa kuijaribu kwa moshi. Kwa meko ya gesi, fundi lazima awe kwenye daftari la Gas Safe, yaani daftari la Uingereza la mafundi wa gesi. Uliza halmashauri yako kama mtaa wenu uko katika eneo la udhibiti wa moshi. Kama uko, meko ya wazi haiwezi kuchoma kuni, hata zikiwa kavu namna gani; ni makaa yasiyo na moshi tu, na katika England faini ya kutoa moshi hufika pauni 300. Makaa ya mawe ya kawaida ya majumbani hayauzwi tena England tangu Mei 2023, na kuni zinazouzwa kwa vifungu vidogo lazima unyevu wake usizidi asilimia 20. Kengele ya gesi ya kaboni monoksidi iwekwe chumba hicho hicho. Usiipuuze kwa sababu eti dirisha huwa wazi.

Ikiwa ni pambo tu, usiizibe dohani kabisa. Dohani isiyopumua hukusanya unyevu, na baada ya majira mawili ya baridi utaona doa la kahawia likichomoza ukutani juu ya meko. Weka kofia yenye matundu juu ya paa na tundu la hewa chini.

Ubao ulioziba mdomo wa meko tangu miaka ya 1960 au 1970 unaweza kuwa na asibesto. Ukiona ni wa kijivu au mweupe, mgumu na hauna nyuzi za mbao, usiutoboe wala usiuvunje. Waite wataalamu wa asibesto wachukue kipande wenyewe na kukipima. Rangi nyeupe ya zamani iliyopakwa juu ya chuma nayo mara nyingi ina madini ya risasi, kwa hiyo usiisugue kwa msasa mkavu. Tumia dawa ya kutoa rangi, na watoto wakae mbali.

Vipimo, kabla ya uzuri

Kigae cha meko cha enzi hiyo ni inchi 6 kwa 6, yaani milimita 152. Vigae vya ukutani vya madukani leo ni milimita 150. Tofauti ya milimita 2 haionekani ukishika kimoja mkononi, lakini vitano vikisimama juu ya kingine tofauti inafika sentimita nzima. Utabaki na pengo jeusi juu ya mbavu ambalo hakuna grauti, ule uji wa kuzibia viungo vya vigae, itakayolificha vizuri.

Pima nafasi ya kila mbavu sehemu tatu: juu, katikati, chini. Pima urefu, upana na kina. Chuma cha kusubu cha zamani hakikunyooka kwa rula. Milimita 1 au 2 hupotea humo. Vigae vya kale navyo hupishana kidogo. Usikipuuze kipimo cha kina, kwa kuwa vigae vya kale huwa vinene kuliko vipya, na kiunzi kilichosubiwa jana huenda kisivipokee.

Nunua 12, si 10. Kimoja cha kuvunjika fundi anapofunga, kimoja cha kubaki.

Nafasi ya kwanza: vigae vipya vinavyonakili vya kale

Kwa watu wengi hili ndilo chaguo sahihi, hasa meko ikiwa itawashwa. Vina kipimo cha 152, vimechomwa tanurini kwa namna inayofanana na ya zamani, na kimoja kikipasuka baada ya miaka mitano unaweza kuagiza mwenzake. Baadhi ya viwanda havijatoka mbali na mizizi yake: Craven Dunnill Jackfield bado inatengeneza vigae Jackfield, Shropshire, kijiji kile kile ambako kampuni ya Maw & Co nayo ilikuwa na kiwanda chake. Original Style ya Exeter ni jina jingine utakalokutana nalo madukani.

Ndani ya kundi hili kuna daraja. Juu kabisa ni vigae vya nakshi iliyoinuka, vilivyofunikwa kwa glezi ya rangi, ile ngozi ya kioo ya kigae. Kishike kimoja karibu na dirisha, ukiinamishe polepole. Glezi ilipokuwa ya majimaji tanurini iliteremka ikatuama mabondeni, kwa hiyo kwenye mashimo ya ua rangi ni nzito, kijani cha chupa, na kwenye kingo za majani ni nyepesi kiasi cha kuona udongo chini yake. Usiku, taa ya mezani ikipiga kwa ubavu, ua lile linaonekana kama limechongwa. Hakuna uchapaji unaoweza kufanya hivyo, na kama bajeti yako inaruhusu kitu kimoja kizuri katika chumba kizima, kiwe hiki.

Karibu nayo ni vigae vya michirizi. Fundi hubinya udongo laini kupitia kijibomba, kama anayepamba keki, akachora mistari iliyoinuka, kisha akajaza rangi katikati ya mistari. Mtindo huu ni wa mwishoni mwa enzi na mwanzoni mwa iliyofuata, wenye maua marefu yaliyopinda. Kwa nyumba ya 1895 au 1905 unafaa kabisa, kwa nyumba ya 1872 haufai, maana ulikuwa bado haujaja. Pitisha ukucha juu ya mstari: wa kweli utakwaza ukucha na hautakuwa na upana mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Chini yao ni vigae laini vilivyochapwa picha kisha vikachomwa. Navyo ni vya enzi hiyo. Kiwanda cha Minton na wenzake walichapa kwa wingi. Ubaya hutokea mchapo unapokuwa wa kisasa wa vidoti. Tazama kwa lenzi ya kukuza, hata ile ya simu. Ukiona vidoti vya rangi nne kama vya gazeti, hicho si cha sebule hii. Muulize muuzaji waziwazi kama rangi imechomwa tanurini na kama kigae kimepimwa kwa matumizi ya meko. Akijibu "kinafaa ukutani" tu, umeshajibiwa.

Nafasi ya pili: vigae vya kale vya mtumba

Kwa uzuri hivi viko juu ya vyote. Tumeviweka nafasi ya pili kwa sababu ya hatari zake: seti pungufu, nyufa zisizoonekana, na bei inayopanda kwa jina la mtengenezaji. Kigae kimoja cha William De Morgan, mbunifu maarufu wa vigae wa enzi hiyo, huuzwa mamia ya pauni, na hicho si cha kuwekwa karibu na moto.

Hata hivyo vinarukia nafasi ya kwanza katika hali mbili. Ya kwanza ni pale kiunzi chako ni cha asili na kimepungukiwa kigae kimoja au viwili. Ya pili ni pale nyumba imeorodheshwa kisheria kama jengo la kihistoria. Hapo hata kubadilisha meko kunahitaji kibali, na afisa wa uhifadhi ataridhika zaidi na kitu cha zama zake.

Kigeuze kigae kabla hujatazama ua lake. Mgongo ndio cheti cha kuzaliwa. Vigae vingi vya enzi hiyo vilikandamizwa kwa mashine kutokana na unga mkavu wa udongo, njia iliyopewa hataza ya Richard Prosser mwaka 1840, na mgongoni vina mifereji au miraba ya kushikia plasta. Ukiona alama ya almasi, muundo ulisajiliwa kati ya 1842 na 1883. Ukiona herufi "Rd No" na namba, ni kuanzia 1884. Neno "England" peke yake lilianza kupigwa kwa wingi tangu 1891, Marekani ilipotaka bidhaa zitaje nchi zilikotoka. Mgongo safi usio na chembe ya plasta kuukuu si lazima uwe wa uongo, maana wapo wanaovisafisha vizuri, lakini hapo uliza zaidi.

Nyufa nyembamba kama nywele juu ya glezi ni za uzee na si kasoro, mradi ufa uishie kwenye glezi. Ufa uliopenya mwili wa kigae ndio wa kuogopa. Kiweke kigae juu ya ncha za vidole ukigonge kwa kifundo: kizima hulia kama bakuli, kilichopasuka hulia kama gome la mti. Fanya hivyo kimoja baada ya kingine, hata muuzaji akikuharakisha.

Jihadhari na meko za miaka ya 1930 zinazouzwa kwa jina la Victoria. Zile ni bonge moja la vigae vya rangi ya maziwa au mchanga wenye mawingu, vimebandikwa juu ya zege, bila chuma pembeni. Nzuri kwa nyumba ya wakati wake, si kwa hii.

Nyumba nyingi zilizokuwa tupu ziliibiwa meko. Nunua kwenye yadi ya mitumba ya ujenzi inayokuandikia risiti na kukueleza mzigo umetoka wapi. Zinazofuata kanuni za Salvo, mtandao wa wauzaji wa mitumba ya ujenzi, zinajulikana kwa hilo.

Kusafisha: loweka kwenye maji ya uvuguvugu hadi plasta ilegee, kisha ikwangue kwa kijiti cha mbao. Usitumie dawa ya kufulia nguo nyeupe. Chumvi zake huingia kwenye nyufa, zikakauka, zikasukuma glezi ikabanduka vipande vipande miezi baadaye. Asidi ya kusafishia matofali ndiyo mbaya zaidi.

Nafasi ya tatu: vigae vya rangi moja vyenye glezi

Watu huviruka wakidhani havina hadhi. Kwa pesa kidogo vinaleta matokeo ya heshima kuliko picha mbovu, na nyumba nyingi za watu wa kawaida zilikuwa navyo. Rangi za kuanzia ni kijani cha chupa, hudhurungi ya asali, wekundu wa damu ya mzee na buluu nzito. Tafuta glezi isiyo sawasawa, iliyokolea pembeni na kupauka katikati. Glezi iliyolingana kila mahali inakumbusha bafu.

Hapa pana njia tunayoipenda kuliko zote kwa mwenye bajeti ndogo: vigae vinne vya kale vyenye ua, na sita vya rangi moja iliyochukuliwa kutoka ndani ya ua lenyewe. Kila mbavu ipange rangi, ua, rangi, ua, rangi. Kupishanisha hivyo kulikuwa desturi ya enzi hiyo, na ni rahisi kupata vinne vinavyofanana kuliko kumi. Beba kigae chenye ua dukani unapochagua rangi, usitegemee picha ya simu. Kijani cha skrini na kijani cha tanuri ni ndugu wa mbali.

Nafasi ya nne: vigae vya ukutani vya duka la vifaa vya ujenzi

Kwa meko ya pambo tu, na kwa kiunzi kipya chenye vibanio vinavyorekebishika, vinaweza kupita. Kwenye moto hatuvipendekezi. Mwili wake ni laini na mwembamba, umetengenezwa kwa ajili ya ukuta wa jikoni, na joto la ghafla huupasua kutoka pembe hadi pembe. Porseleni ni ngumu zaidi, lakini sura yake bapa na kingo zake za wembe haziendani na chuma cha kusubu. Zaidi ya hayo, kumbuka lile pengo la sentimita moja.

Za kuacha dukani

Stika za plastiki za kubandika juu ya vigae, na vigae vilivyochapwa picha kwa joto la mashine juu ya utando wa plastiki. Hivi vya pili vinauzwa sana mtandaoni, picha yoyote utakayo, kwa bei ya kuvutia. Utando ule haujawahi kuingia tanurini. Karibu na moto hugeuka njano, kisha hufura. Stika yenyewe ikiwekwa karibu na mwako ni hatari ya moto, si suala la urembo tena.

Kama unanunua kiunzi pia

Viunzi vipya vya vigae mara nyingi huja kwa kipimo cha inchi 38 kwa 38, yaani milimita 965, na hufunika mdomo wa inchi 36 wa fremu ya nje. Pima fremu yako kwanza. Cha kale kikague kikiwa kimesimama kwenye mwanga. Kigonge kwa ufunguo kuanzia juu kwenda chini usikilize mahali mlio unapofifia. Hapo pana ufa au pameungwa. Hakikisha kofia ya mbele ipo, mlango wa kuzuia hewa juu unafunguka, wavu wa makaa haujaliwa na moto, na mabano ya kushika vigae nyuma hayajapotea. Mabano hayo ndiyo watu husahau, na kuyachonga upya hugharimu. Uzito ni wa kuchukuliwa na watu wawili wenye nguvu, bora watatu.

Kuviweka vigae kwenye kiunzi

Kazi hii hufanyika kiunzi kikiwa kimelala kifudifudi juu ya blanketi, kabla hakijaenda ukutani. Panga kwanza vigae sakafuni, uso juu, jinsi unavyotaka vionekane. Andika kwa penseli mgongoni: namba, mshale wa juu, na "kushoto" au "kulia". Kiunzi kikilala kifudifudi, kushoto kwa chumba kunakuwa kulia kwako. Kosa linaloongoza ni maua yaliyopinduka au jozi zilizobadilishana pande, na huonekana siku chuma kikishasimama.

Fungua mabano, skurubu zenye kutu zimwagie mafuta ya kupenyeza usiku kucha, usizilazimishe, kwani masikio ya chuma cha kusubu huvunjika kama biskuti. Laza vigae kifudifudi, kila kimoja kikiacha nafasi nyembamba kati yake na chuma, kama unene wa kadi ya posta. Lowanisha migongo kwa sponji. Kigae kikavu hufyonza maji ya plasta, plasta ikageuka unga usioshika. Changanya plasta ya Paris kidogo kidogo, kiasi cha mbavu moja, maana huganda ndani ya dakika chache. Mimina tabaka jembamba linalofunika migongo, rudisha mabano na uyakaze kwa vidole tu. Chungulia chini ufute kilichovuja usoni kingali laini. Acha hadi kesho yake.

Kwa nini plasta na si saruji? Chuma hutanuka kwa joto kuliko kigae. Plasta ni dhaifu, huachia kidogo. Saruji hung'ang'ania, na kinachovunjika ni kigae. Vilevile plasta hulegea kwa maji, kwa hiyo atakayekuja baadaye kubadilisha kigae hatahitaji patasi. Skurubu zilizokazwa kwa nguvu huleta madhara yale yale: moto wa kwanza mkubwa, ufa wa kona.

Kiunzi kikisimama, nafasi tupu iliyo nyuma yake hujazwa mchanganyiko dhaifu wa vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazostahimili joto) na saruji, sehemu 6 kwa 1. Ukijenga upya mgongo wa matofali ya moto, weka kadibodi ya mikunjo nyuma yake kabla ya kujaza. Itaungua yenyewe na kuacha nafasi ya matofali kutanuka. Subiri wiki mbili hivi, kisha uanze na mioto midogo ya nusu saa.

Sakafu ya meko: idadi na mtego wake

Katika England, kwa moto wa kweli, kanuni za ujenzi za Hati J zinataka sakafu ya zege iliyo chini iwe na unene wa angalau milimita 125, itokeze angalau milimita 500 mbele ya mdomo na 150 kila upande. Vigae ni ngozi tu juu yake. Kuviweka juu ya mbao za sakafu hakuigeuzi mbao kuwa salama.

Tuchukue mfano wa sakafu ya inchi 54 kwa 15. Kwa hesabu ya karatasi inahitaji vigae 9 kwa upana, safu mbili nzima na safu moja ya nusu: vigae 18 vya 6 kwa 6 na 9 vya 6 kwa 3. Nunua 20 na 10. Mtego ni huu: vigae 9 vya milimita 152 ni 1,368, ongeza viungo 8 vya milimita 2, jumla 1,384, ilhali inchi 54 ni 1,372. Vigae havitaingia. Ama utengeneze kitanda cha sakafu kwa kipimo cha vigae, ama ukate vya pembeni pande zote mbili kwa ulinganifu. Usikate upande mmoja tu.

Hapa vigae viwe vya sakafu, vizito, milimita 9 au zaidi. Vya glezi vyenye nakshi iliyoinuka havifai kukanyagwa wala kuangukiwa na koleo. Vya mchoro wa maumbo bila glezi, vinavyofanana na vya korido ya mlangoni, vinapendeza sana na havikwaruziki upesi, ila vipake kinga ya mafuta kabla ya grauti, la sivyo grauti nyeusi itavitia madoa yasiyotoka. Gundi iwe ya unga wa saruji, yenye kunyumbuka na kustahimili joto. Ile ya ndoo iliyokwisha changanywa hukauka kwa hewa, na chini ya kigae kizito hubaki laini kwa wiki kadhaa, kisha joto huilegeza tena.

Chumba kinachoizunguka

Vigae vikishakaa, vingine vyote vichaguliwe kutoka kwao. Chukua rangi iliyo nyepesi kuliko zote ndani ya kigae, iwe ya ukuta. Iliyo nzito iwe ya mapazia au ya ukuta wa chini ya mstari wa mbao. Wenye asili ya pwani watalielewa hili upesi. Katika nyumba za kale za Lamu, zidaka za plasta na sahani za kaure ndizo jicho la ndani ya chumba, na kuta nyingine hunyamaza ili zionekane. Meko ya vigae nayo inataka kunyamaziwa. Ukiwa na vigae vya maua, karatasi ya ukutani iwe ya rangi moja au yenye nakshi ya kubonyea kama Lincrusta, iliyobuniwa na Frederick Walton mwaka 1877, ambayo unaipaka rangi uitakayo.

Fremu ya nje ya mbao za msonobari ilipakwa rangi zama zile. Kuivua rangi hadi mbao tupu ni mtindo wa karne ya 20. Ukipata fremu "ya marumaru nyeusi", chungulia mgongo wake: ukiwa wa kijivu na wenye tabaka kama kurasa, ni sleti iliyopakwa rangi kuiga marumaru. Ni halisi ya enzi na ni nzuri, ila usiisugue kwa kemikali, utaifuta marumaru yote ukabaki na jiwe. Chuma chenyewe kipake polishi nyeusi ya grafaiti kwa brashi, kisha ukisugue kwa kitambaa. Rangi ya kung'aa ya kopo hukifanya kionekane kama plastiki.

Zulia liishie kwenye ukingo wa sakafu ya meko, lisipande juu yake. Kama moto ni wa kweli, weka kizuizi cha waya mbele, kwani cheche hairuki pale unapoitazamia.

Vile vigae viwili vilivyobaki vifunge kwa gazeti, uandike juu yake jina la kiwanda, namba ya muundo na namba ya toleo la rangi iliyo kwenye boksi. Glezi ya toleo la mwaka huu na la mwaka ujao hazifanani sawasawa, na atakayehitaji kigae hicho baada ya miaka kumi huenda asiwe wewe. Viweke chini ya ngazi, pamoja na risiti na cheti cha fundi wa dohani.